Wakanamungu wa Nairobi: kwa nini Mwislamu wa Pwani asishangilie

Katika baraza zetu, kuanzia Mombasa mpaka Lamu, mara nyingi husikia mtu akisema kuwa Nairobi imejaa watu wasiomwamini Mungu, na kwamba serikali ingekuwa na haya ingekifunga chama chao. Nimeyasikia maneno haya hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wenye elimu ya dini na ya skuli. Mimi ni Mwislamu, naswali na nafunga, na sina shaka na Mola wangu. Lakini jambo hili naliona tunalishangilia bila kulipima, na likifanikiwa litaturudia wenyewe.

Tuanze na yaliyotokea. Chama cha Atheists in Kenya kilipoomba kuandikishwa, mara ya kwanza kilikataliwa kwa hoja kwamba kingehatarisha amani na utulivu. Februari 2016 Msajili wa Vyama akakiandikisha, kikawa chama cha kwanza cha wakanamungu kutambuliwa rasmi nchini. Viongozi wa makanisa ya kievanjelisti wakaja juu. Haikupita hata miezi mitatu. Mwishoni mwa Aprili, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Profesa Githu Muigai, akatangaza kuwa usajili umesimamishwa kwa sababu ya malalamiko ya wananchi. Chama kikakimbilia mahakamani, na hatimaye kikaendelea na kazi zake chini ya rais wake, Harrison Mumia. Baadaye askofu mmoja alikwenda Mahakama Kuu akitaka kifutwe kabisa. Mwaka 2025 kesi hiyo ikatupwa.

Angalia sababu iliyotolewa pale 2016. Haikusemwa kuwa wameiba, wamepiga mtu au wamechochea fujo. Ilisemwa kuwa watu wengi wamekasirika. Yaani chama cha raia kilisimamishwa kwa sababu wengi hawakukipenda. Hapo ndipo Mwislamu wa Kenya anapaswa kusita kidogo kabla ya kupiga makofi.

Kwanza tujue ni watu wangapi tunaowazungumzia. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Waislamu tulikuwa 5,152,194, karibu asilimia 11. Waliowekwa katika fungu la wasio na dini au wasioamini Mungu walikuwa 755,750, sawa na asilimia 1.6. Mtu wa Pwani atasema hao wote wako Nairobi. La. Kaunti iliyoongoza ni Kilifi, yetu hapa, kwa zaidi ya watu 140,000. Nairobi ilikuwa na zaidi ya 50,000 tu.

Je, vijiji vya Kilifi vimejaa wanafalsafa wanaokana Mungu? Sidhani. Fungu lile liliwachanganya watu wa aina mbili. Yuko aliyefikiri akaamua kuwa hakuna Mungu, na yuko aliyeulizwa dini yake akajibu hana, kwa kuwa haendi msikitini wala kanisani. Nionavyo mimi, wengi wa Kilifi ni wa aina ya pili. Wengine pengine ni watu wanaomtaja Mungu kila siku kwa jina la Mulungu, lakini neno dini kwao ni jambo la walioshika kitabu. Kwa hiyo mtu anaposema wasio na dini wafungiwe milango, ajue anawazungumzia pia majirani zetu wa Ganze na Magarini, ambao tumekaa nao tangu enzi za mababu.

Turudi Nairobi, kwa sababu huko ndiko mkanamungu aliyejitangaza anakoonekana. Katikati ya jiji dini imetanda kila upande. Saa ya chakula cha mchana wahubiri husimama bustani ya Jeevanjee wakiwa na vipaza sauti. Ijumaa waumini hufurika Jamia. Ukipanda matatu ya Kangemi, usishangae mhubiri akiingia nawe, akafungua Biblia na kuhubiri njia nzima ya Waiyaki Way kabla ya kuomba sadaka. Mikutano ya ofisini huanza kwa dua. Wimbo wa taifa huanza kwa kumwita Mungu, na utangulizi wa Katiba unautambua ukuu wake. Katika mji kama huu, mtu akisema haamini huonekana kama aliyetukana mama wa watu.

Lakini gharama ya kusema hivyo si moja kwa kila mtu. Mkanamungu wa Lavington au Kileleshwa ana geti lake na mshahara wake, na akiugua ana bima. Jirani akimnunia, haimpunguzii kitu. Mkanamungu wa Kawangware au Kangemi anaishi kwa watu. Akifiwa, michango hupitia kanisani au msikitini. Akitafuta kibarua, anayempeleka ni mtu wa kwaya au wa jamaa. Chama cha kuweka akiba hufungua kikao kwa sala. Huyo akisema haamini, anaweza kupoteza mazishi, mkopo na kibarua kwa wiki moja. Ndiyo maana wanaojitokeza hadharani wengi ni watu wenye uwezo, na sisi huku tunadhani ukanamungu ni ulevi wa matajiri na wasomi. Wanyonge wapo, ila wamenyamaza.

Kwetu kimya hicho ni kizito zaidi. Mwaka jana kijana mmoja wa Pwani anayefanya kazi Westlands aliniambia, "Ami, mimi sijui tena kama naamini. Lakini nikisema nyumbani, nimekwisha." Sitataja jina lake wala mji wa kwao. Nilimuuliza anaogopa nini hasa. Akanihesabia kwa vidole. Mamake ataugua. Hakuna baba atakayemuoza binti yake. Ndugu zake watasema ameritadi na hana haki katika mirathi ya babake. Na akifa, nani atamsalia? Katika orodha yake polisi hawakuwamo, wala serikali. Vyote alivyoviogopa vilikuwa mikononi mwa watu wanaompenda. Kwa hiyo akija likizoni huvaa kanzu, huenda msikitini na wenzake, akarudi Nairobi na siri yake.

Sasa nieleze kwa nini nasema jambo hili ni letu. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kinakataza mtu kunyimwa kazi au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na kinakataza kumlazimisha mtu kufanya tendo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu cha 36 kinalinda uhuru wa kuunda chama, na kinasema usajili hauwezi kuzuiliwa au kufutwa bila sababu ya maana. Hata viapo vya viongozi vilivyo katika Katiba hiyo vimeacha nafasi: anayeapa humwomba Mungu amsaidie, na asiyetaka kuapa huthibitisha tu bila kumtaja Mungu.

Vifungu hivi ndivyo sisi tumevishika kila tulipobanwa. Kumbuka mwaka 2010. Kundi la wachungaji lilikuwa limekwenda mahakamani tangu 2004 likipinga mahakama za kadhi, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, ikisema kuwepo kwa mahakama hizo ndani ya Katiba ya zamani kunaibagua nchi kidini. Katika kampeni za kura ya maoni ya Agosti 4 mwaka huo, viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza watu wakatae rasimu, na mojawapo ya sababu zao kubwa ilikuwa kadhi. Hoja yao ilikuwa nini? Kwamba Wakenya wengi ni Wakristo na hawataki jambo hili. Ni hoja ileile ya malalamiko ya wananchi iliyotumiwa miaka sita baadaye dhidi ya wakanamungu. Rasimu ilipita na kadhi akabaki, katika kifungu cha 170.

Kumbuka pia hijabu. Kesi ya wasichana wa Kiislamu katika skuli ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, ilipanda mpaka Mahakama ya Upeo. Mahakama ya Rufani ilikuwa imewapa haki 2016, lakini Januari 2019 uamuzi huo ukabatilishwa kwa sababu za utaratibu wa kesi. Mpaka leo wazazi wetu wanajua tabu ya kumpeleka mtoto skuli ya bweni inayofadhiliwa na kanisa, akalazimika kuingia kanisani kila Jumapili. Mzazi huyo akiuliza ni sheria gani inayomkinga mwanawe, jibu ni kifungu cha 32, palepale panapomkinga mkanamungu. Hatuwezi kukishika kwa mkono mmoja na kukirarua kwa mwingine. Wazee walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Julai 2025 ziliporipotiwa habari za kanisa kubwa kujengwa ndani ya Ikulu ya Nairobi, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 1.2, Rais alisema atalipa kwa pesa zake mwenyewe. Miongoni mwa waliojitokeza kusema watakwenda mahakamani ni hao hao wakanamungu. Swali lao lilikuwa kama jengo la watu wote linaweza kufanywa la dini moja. Mwislamu anayelipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza swali hilo pia.

Najua nitajibiwa: hawa wanaivuruga amani na kuwapotosha watoto. Kuhusu amani, tutazame palipozikwa watu. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili ilianza kufukuliwa, na hesabu ilipita 400. Paul Mackenzie aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo alikuwa mhubiri, na waliokufa walikuwa waumini walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamuone Yesu. Siwalaumu Wakristo kwa hilo. Nao ndio waliofiwa. Nasema tu kwamba serikali iliyoona hatari kubwa katika chama cha watu wanaosema hawaamini, haikuiona kwa wakati hatari iliyokuwa ikihubiriwa. Cha kupima ni vitendo vya mtu, yaani je, anamdhuru mwenzake?

Kuhusu watoto wetu, mkanamungu ana ulimi na sisi tuna ulimi. Madrasa nyingi hapa Pwani tumesimuliwa kisa cha Imam Abu Hanifa na mkanamungu wa zama zake. Imam alichelewa kwenye mjadala, akasema alikuwa akingoja mbao zijikusanye zenyewe ziwe mashua ya kumvusha mto. Mkanamungu akacheka, na Imam akamuuliza vipi basi ulimwengu wote ujiumbe. Tunakipenda kisa hiki kwa sababu ya jibu. Tunasahau kwamba ili jibu lipatikane, ilibidi yule mtu aruhusiwe kukaa na kuuliza. Aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini, inajulikana na kila mtoto aliyehitimu chuoni.

Na mlango huu hauendi upande mmoja tu. Mei 2021 chama hicho cha wakanamungu kilitangaza kuwa katibu wake, Seth Mahiga, amejiuzulu kwa kuwa amempata Yesu Kristo, kikamtakia heri. Watu walicheka nchi nzima. Mimi niliona jambo la maana zaidi. Mtu aliingia kwa hiari, akatoka kwa hiari, na hakuna aliyemtishia. Je, sisi tunaweza kusema hivyo juu ya kijana wa kwetu aliyeyumba?

Sisemi tukubaliane nao. Wakija kudai kadhi aondolewe, nitakuwa mbele kuwapinga kwa kalamu. Wakitutukania Mtume, nitawaambia hawana adabu. Kumpinga mtu kwa maneno ni jambo moja, na kumwomba Mwanasheria Mkuu amfungie mlango ni jambo jingine.

Kazi kubwa iko nyumbani kwetu. Baba aliyeambiwa na mwanawe kuwa ana shaka asikimbilie kukata karo. Mtoto atakayelazimishwa atajifunza kuinamia mswala huku moyo wake uko kwingine, na unafiki tunaujua hukumu yake. Maimamu wetu, hasa wanaohudumia wanafunzi wa vyuo vya Nairobi, watenge kikao ambacho kijana anaweza kuuliza lolote bila kurekodiwa wala kupelekwa kwa wazazi. Aulize kwa nini Mungu anaacha mabaya yatokee, aulize juu ya sayansi, aulize juu ya wanawake, ajibiwe na mtu aliyesoma na mwenye subira. Na asiporidhika, abaki mwana wa watu, akaribishwe futari kama wenziwe.

Uongofu ni wa Mola. Sisi tuliobaki tuna wajibu wa kuhakikisha kuwa sheria inayotulinda asilimia 11 haichanwi kwa ajili ya kuwakomoa asilimia moja na nusu.