NANI ANAMALIZA DOLA: MUUZA MITUMBA AU HAZINA?

Kila dola inapoadimika wakubwa wana wimbo mmoja: Wakenya wanapenda vya nje. Anayenyoshewa kidole ni kijana wa Gikomba anayefungua beli la mitumba. Sisi tunauliza, na Hazina je?

Hesabu yenyewe haihitaji digrii. Serikali ikitumia kuliko kodi inayokusanya, pengo huzibwa kwa akiba ya watu wengine. Akiba ya nyumbani isipotosha, inaletwa ya mgeni. Na nchi inayoishi kwa fedha za mgeni haina budi kununua nje zaidi ya inavyouza. Wachumi huziita nakisi pacha.

Tazameni reli ya SGR, iliyoanza kujengwa Desemba 2014 na kubeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi 2017. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Exim Bank ya China. Kampuni ya China ikajenga, vichwa vya treni na mabehewa yakatoka China. Deni likaingia kwenye bajeti, mizigo ikashuka Kilindini. Mkopo mmoja, mapengo mawili! Fundi wa jua kali pale Kamukunji aliambulia nini?

Mwaka huo huo wa 2014 ikaja Eurobond, kwa riba ya chini ya asilimia 7. Dola za mkopo zikimiminika, shilingi huonekana ina misuli, vya nje vinakuwa rahisi, na mkulima wa chai anapata shilingi chache kwa kila dola anayoiletea nchi. Kilio huja siku ya kulipa. Januari 2024, dola bilioni 2 zikisubiriwa Juni, dola moja ilifika kama shilingi 160. Februari tukakopa tena, kwa karibu asilimia 10, ili kulipa la zamani. Juni vijana wakatakiwa kuongeza kodi. Wakaingia barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani.

Tusidanganyane, si kila nakisi ya biashara hutoka serikalini. Marekani ilikuwa na ziada ya bajeti 1998 hadi 2001, na bado ikanunua nje kuliko ilivyouza, maana wananchi na makampuni walikuwa wakikopa wenyewe. Lakini kwetu mkopaji mkuu anajulikana.

Basi Waziri wa Fedha akinyanyua mkoba wake siku ya bajeti, atutajie: kiasi gani cha mkopo kitanunua vitu ng'ambo, na dola za kuulipa zitatoka kwenye zao gani?