Kusogeza, Kuhamishia na Kupindua: Nafasi ya Kitenzi katika Istilahi za Bodi za Saketi

Uundaji wa istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili umeegemea nomino kwa muda mrefu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, pamoja na orodha nyingi zilizoifuata, zimetawaliwa na majina ya vitu na dhana; kitenzi huachwa kijitafutie njia. Katika taaluma zinazoeleza vitu vilivyopo, upungufu huo huvumilika. Katika taaluma zinazoeleza namna ya kutenda, hauvumiliki hata kidogo. Mfano mmoja unatosha kulithibitisha dai hili: kazi ya kubadilisha mahali pa vijenzi katika faili la mchoro wa bodi ya saketi kwa kutumia programu, badala ya kuvivuta kimoja kimoja kwa mkono.

Bodi ya saketi ni kibao chenye njia za shaba ambapo vikinza, kapasita na transista hulehemiwa. Kabla ya kutengenezwa, huchorwa katika kompyuta. KiCad, programu iliyoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, huhifadhi mchoro huo katika faili la maandishi matupu. Kila kitu humo kimefungwa katika mabano, kwa desturi iliyorithiwa kutoka lugha ya Lisp, na mahali pa kila kijenzi hutajwa kwa namba: umbali wa mlalo na wa wima kwa milimita, kisha pembe kwa digrii ikiwa kijenzi kimezungushwa. Namba ya wima huongezeka kadiri mtu anavyoshuka, kinyume cha grafu za shuleni. Mbunifu anayetaka kupanga taa 12 katika duara lenye nusu kipenyo cha milimita 20, au vitufe vya kibodi vinavyoachana kwa milimita 19.05, hana sababu ya kuhangaika na kipanya. Programu fupi ya Python hupiga hesabu na kuziandika namba hizo bila kukosea hata nywele moja.

Hapa ndipo tatizo la lugha linapojitokeza. Neno la Kiingereza "move" hubeba matendo mawili. Tendo la kwanza huongeza umbali fulani juu ya mahali kijenzi kilipo; la pili hukipeleka mahali palipotajwa, popote kilipokuwa awali. KiCad ina amri tofauti kwa kila moja. Kiswahili nacho kilikwisha kutenganisha mambo haya kabla ya kompyuta kubuniwa. Aambiwaye asogeze kiti huuliza asogeze kiasi gani. Aambiwaye akihamishie huuliza wapi. Hata hivyo, wafasiri wengi huandika "hamisha" pote pawili, wakifuata neno moja la Kiingereza. Hasara yake si ya kinadharia. Programu inayosogeza, ikiendeshwa mara mbili, husogeza mara mbili, na bodi nzima huharibika; inayohamishia, ikiendeshwa mara kumi, huacha kijenzi palepale. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitenzi kimoja hatajua ameandika ipi kati ya hizo mbili mpaka shaba ikatwe na fedha ilipwe.

Hali kadhalika, "geuza" hutumika ovyo kwa maana ya kuzungusha na kwa maana ya kupindua. Kijenzi kilichozungushwa kimebaki upande uleule wa bodi, ila kinaelekea kwingine. Kilichopinduliwa kimehamia upande wa pili, na mpangilio wa miguu yake sasa ni kama unaoonekana katika kioo. Fundi yeyote anayepindua chapati anaifahamu tofauti hiyo. Wanakamati wa istilahi ndio wanaoonekana kuisahau.

Liko jambo jingine lililo gumu zaidi. Baadhi ya waandishi hupendelea neno "mkao" kwa kuunganisha mahali na mwelekeo wa kijenzi. Neno hilo ni zuri masikioni, lakini ni mtego. Katika faili la KiCad, mahali pa kila mguu huhesabiwa kuanzia kijenzi chenyewe, kwa hiyo namba za kijenzi zikibadilishwa, miguu yote hufuata. Pembe ya mguu haiko hivyo: huandikwa kwa kuhesabiwa kutoka kwa bodi, pembe ya kijenzi ikiwa imekwisha kujumlishwa ndani yake. Anayelihariri faili kama maandishi, akabadilisha pembe ya kijenzi peke yake, huacha vipande vya shaba vya miguu hiyo vikielekea kulikokuwa. Mahali na mwelekeo, basi, hufuata kanuni mbili tofauti ndani ya mabano yaleyale. Istilahi inayoyafunika yote mawili kwa neno moja humficha msomaji jambo analopaswa kulijua kwanza.

Si kwamba nomino hazina uzito. Hadi toleo la 5, KiCad iliita alama ya kijenzi juu ya bodi "module". Toleo la 6, lililotoka Desemba 2021, likachukua "footprint". Programu zilizoita jina la zamani zilikwama. Kwa Kiswahili, "moduli" isingemwambia fundi lolote, ilhali "unyayo" unajieleza wenyewe, kwa sababu mafundi redio wamekuwa wakisema "miguu ya transista" tangu zamani. Tafsiri ya neno kwa neno kwa kawaida hustahili kutiliwa shaka. Hii inakubalika kwa kuwa imekuta miguu tayari imesimama.

Aidha, viambishi vya mahali vinastahili kuangaliwa upya. "Bodini pana", "bodini kuna" na "bodini mna" si semi zinazolingana. Ya kwanza hutaja nukta mahususi, ya pili eneo lisilo na mpaka dhahiri, ya tatu undani. Bodi yenye matabaka manne ina shaba ndani yake isiyoonekana kwa macho, na "mna" huieleza kwa neno moja. Inashangaza kwamba vitabu vya sarufi huendelea kuufundisha mfumo huu kwa mifano ya nyumba na vyungu pekee.

Wapo watakaopinga kwamba amri zenyewe ni za Kiingereza, hivyo juhudi hii ni ya bure. Hoja hiyo haina mashiko. Amri zinazohitajika kwa kazi hii hazizidi dazeni moja na hukaririwa kwa siku moja. Kinachochukua miezi ni kufikiri juu ya matokeo yake, na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hujadiliana mezani kwa Kiswahili hata pale somo linapofundishwa kwa Kiingereza. Chukua kufuli ya kijenzi: humzuia anayevuta kwa kipanya, lakini amri ya programu hupita juu yake bila kuuliza. Kusema kijenzi hicho "hakisogezeki" ni uongo. "Kisisogezwe" ndiyo kauli sahihi, kwa kuwa ni katazo ambalo mwandishi wa programu hana budi kulikagua mwenyewe.

Limebaki suala la njia za shaba. Programu ikikihamishia kijenzi kwingine, njia zilizokwisha kuchorwa hazimfuati mwenyewe. Hubaki zikining'inia, au hugusana na miguu isiyozihusu na kuleta mkato wa umeme. Lazima ziondolewe na kuchorwa upya, kisha kanuni za usanifu zikaguliwe. Orodha zinazosambazwa huandika "kufuta" kwa kazi hii, kana kwamba ni chaki. Mshonaji angesema "kufumua": uzi unatolewa, kitambaa kinabaki, na mshono mwingine utapita hapohapo.