Eti "Atasomewa"

Katika ofisi za vyuo vikuu vyetu kuna jibu ambalo halikawii. Uliza mwanafunzi asiyeona ataombaje nafasi kupitia tovuti ya chuo, atajuaje kwamba ada imepanda, ataonaje matokeo yake. Utaambiwa: "Atasomewa." Anayejibu hivyo wala si mtu mbaya. Pengine ndiye aliyemshika mkono mwanafunzi huyo wiki ya kwanza akamwonyesha njia ya kwenda bwenini. Lakini jibu lake ndilo linalozifanya tovuti za vyuo zibaki vilevile mwaka nenda mwaka rudi. Mimi nasema ni kisingizio, tena kibaya kuliko uzembe wa kawaida, kwa sababu kimejivika wema na hakuna anayethubutu kukikemea.

Tuanze na swali ambalo wenye jibu hilo hawalijibu: atasomewa na nani? Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliachana na mfumo wa udahili wa pamoja, na tangu hapo mwombaji anapeleka maombi yake moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Kwa hiyo lango la chuo sasa ni tovuti. Na mwombaji anapofika langoni bado si mwanafunzi. Hana msaidizi aliyepangiwa, wala kitengo cha mahitaji maalumu hakimjui. Anakwenda steshenari.

Pale steshenari kuna kijana mmoja wa kompyuta na foleni ya watu. Mwombaji anamtajia, kwa sauti ya kusikika, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na paswedi. Waliosimama nyuma yake wanasikia yote. Kijana wa kompyuta anamsomea orodha ya kozi, ila si nzima, maana ni ndefu na wateja wameanza kuguna. Anamsomea zile anazodhani zinamfaa mtu asiyeona. "Nikuwekee ualimu?" Hapo mtu anayelipwa kwa kuchapa na kutoa kopi ndiye anayeamua mwenzake asomee nini maishani. Jina likikosewa herufi moja, mwombaji hana namna ya kulikagua. Akipata nafasi, paswedi yake inabaki kichwani mwa kijana wa steshenari.

Akishaingia chuoni mambo yanabadilika kidogo tu. Sasa anasomewa na mwenzake wa chumbani. Matokeo ya muhula yakitoka, wa kwanza kujua kwamba ana sapu mbili ni huyo mwenzake. Deni la ada, barua ya nidhamu, majibu ya rufaa, vyote vinapita kwanza machoni pa mtu mwingine. Wanafunzi wengine wanafungua akaunti zao usiku, kitandani, wakafurahi au wakalia bila shahidi. Hakuna anayesema kwamba hao wamependelewa.

Najua nitakaloambiwa: sisi ni watu wa kusaidiana, haya ya kila mtu na lake si yetu. Hoja hiyo ina uzito, na sina ugomvi na wanaowasomea wenzao. Wengi wanaifanya kazi hiyo bila malipo huku mitihani yao wenyewe ikiwasubiri. Ugomvi wangu ni na chuo kinachoweka hati isiyosomeka kisha kinajisifia moyo wa wanafunzi wake. Ni sawa na mwenye nyumba anayekuficha ufunguo halafu anataka ashukuriwe kila anapokufungulia mlango. Msaada una heshima pale mtu anapoweza kuuomba au kuuacha. Usipokuwa na uchaguzi, huo ni utegemezi, na umetengenezwa na ofisi.

La ajabu ni kwamba msomaji asiyechoka yupo tayari, tena bure. Mwaka 2006 vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, walianza kutengeneza NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini ya kompyuta. Hadi leo haiuzwi. Unaipakua na kuitumia. Simu nyingi za Android zinazouzwa Kariakoo zina TalkBack ndani yake, na iPhone ina VoiceOver. Kijana asiyeona anayesoma meseji za WhatsApp na kubishana kuhusu Simba na Yanga hafanyi hayo kwa kusomewa na jirani. Anasoma mwenyewe, kwa masikio. Anapofika kwenye tovuti ya chuo kikuu, mahali pa wasomi, ndipo anapoambiwa atafute mtu.

Kaa karibu na mtu anayetumia kisoma skrini usikilize kinachotokea kwenye ukurasa uliotengenezwa ovyo. "Kiungo, bofya hapa. Kiungo, bofya hapa. Kiungo, bofya hapa." Bofya upate nini? Haisemi, kwa kuwa aliyeandika alitegemea jicho lione maneno ya pembeni. Inafuata picha yenye kiungo, na programu inataja jina la faili kama lilivyotoka kwenye simu ya mtu, herufi na tarakimu mfululizo, kwa kuwa hakuna aliyejaza maelezo ya picha. Kwenye fomu ya maombi inasema "kisanduku cha kuandika, tupu", kisha "kisanduku cha kuandika, tupu", mara kumi, bila kutaja kipi ni cha jina la ukoo na kipi ni cha namba ya simu, maana lebo zimechorwa karibu na visanduku lakini hazijaunganishwa navyo. Mwisho kinakuja kitufe cha kutuma, ambacho hakishikiki kwa kibodi. Kinamsubiri mwenye kipanya.

Lipo na la lugha. Kila ukurasa wa tovuti unapaswa kutamka, katika msimbo wake, umeandikwa kwa lugha gani. Ni neno fupi ambalo msomaji halioni, lakini kisoma skrini kinalitegemea. Ukurasa wa Kiswahili ukiachwa na tamko la Kiingereza lililokuja na kiolezo, mashine inatii: inasoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. "Ada" inakuwa kitu kama "eida", na "mwanafunzi" haitambuliki kabisa. Sauti ya Kiswahili imo humohumo ndani ya NVDA ikisubiri kuitwa. Kuiita ni kurekebisha neno hilo moja.

Lakini mkosaji mkubwa kuliko wote ni mhuri. Barua ya maelekezo ya kujiunga inaandikwa kwenye kompyuta, ikiwa maandishi safi ambayo kisoma skrini kingeyasoma bila taabu. Kisha inachapwa, inasainiwa, inagongwa mhuri, inaskaniwa na kuwekwa kwenye tovuti. Mwanafunzi akiifungua anapata picha ya karatasi, na programu yake inakaa kimya kama vile ukurasa ni mweupe. Ofisi imetumia wino, karatasi na saa nzima ya mtumishi kuharibu kilichokuwa kinasomeka. Wanaotetea utaratibu huo wanasema bila mhuri barua si halali. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015, na inatambua saini ya kielektroniki. Na hata anayeupenda mhuri wake anaweza kuweka nakala ya maandishi pembeni ya ile iliyoskaniwa. Hakuna atakayenyang'anywa mhuri.

Nimewazungumzia zaidi wasioona kwa kuwa wao ndio wanaoambiwa waziwazi kwamba watasomewa. Lakini kisingizio hicho kinawafunika na wengine. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na kwenye simu wanategemea kukuza maandishi kwa vidole viwili. Zipo tovuti zinazozuia ukuzaji huo makusudi ili mpangilio usiharibike, kisha zinaandika kwa kijivu juu ya nyeupe ili zipendeze. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unaotolewa na shirika la W3C, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Kiziwi naye anawekewa video ya makamu mkuu wa chuo akiwakaribisha wapya, bila maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya alama. Huyo naye "atasomewa" kwa njia gani?

Wakishindwa hapo wanahamia kwenye idadi: wenye ulemavu chuoni ni wachache, hatujawahi kusikia malalamiko. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini Tanzania wana ulemavu wa aina fulani. Si wote wanaohitaji kisoma skrini, na si tovuti peke yake inayowazuia kufika chuo kikuu. Lakini chuo hakiwezi kuweka fomu isiyojazika kisha kikahesabu waliojaza na kusema wengine hawapo. Asiyekuwapo na lake halipo. Aliyeshindwa kuomba hayumo kwenye orodha yoyote ya chuo, na malalamiko yake angeyapeleka kupitia fomu ipi?

Inabaki hoja ya gharama. Kila mwaka shirika la WebAIM la Marekani hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana duniani. Mwaka 2025 asilimia 94.8 zilikutwa na makosa ya ufikivu. Kwa hiyo huu si umaskini wa Afrika. Matajiri wanakosea vilevile. Ukaguzi huohuo unaonyesha kwamba karibu makosa yote yanayonaswa ni ya aina sita: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotamka lugha yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtambo au mkopo. Yanahitaji mtu anayejua anachofanya na bosi anayeuliza.

Gharama huja kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilirundika kwa miaka mingi video za mihadhara zisizo na maandishi chini. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ikakiambia kwamba kimevunja sheria. 2017 kikaziondoa hadharani zaidi ya video 20,000, na wote wakakosa, wanaosikia na wasiosikia. Mwaka 2022 kilifikia makubaliano na wizara hiyo kurekebisha maudhui yake. Vyuo vyetu bado havina mlima kama huo. Huu ndio wakati wa nafuu, na tunaupoteza kwa neno moja la upole.

Tahadhari pia na wauzaji wa njia ya mkato. Wapo wanaouza kitufe chenye alama ya mtu mwenye ulemavu, unakibandika kwenye tovuti, nao wanaahidi kwamba kila kitu kitajirekebisha. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni moja ya aina hiyo, accessiBe, kulipa dola milioni 1 kwa madai yasiyo na uthibitisho kuhusu uwezo wa bidhaa yake. Kisanduku kisicho na lebo hakiponi kwa kubandikiwa kitufe juu.

Sheria nazo hazina utata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja intaneti kwa jina katika ibara ya 9. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kufikia habari. Huwezi kuisoma yoyote kati ya hizo ukakuta haki hiyo imekabidhiwa kwa mwenzake wa chumbani.

Basi dirisha la udahili lijalo lisifunguliwe kabla ya jaribio moja. Makamu mkuu wa chuo amwite mkuu wa TEHAMA, amwondolee kipanya, amzimie skrini, amwashie NVDA, kisha amwambie ajaze fomu ya maombi ya chuo chake tangu mwanzo hadi kupata namba ya malipo. Mkataba wa mzabuni wa tovuti utaje mwongozo wa W3C, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka mwanafunzi asiyeona, mwenye uoni hafifu na kiziwi wameijaribu kila mmoja kwa kifaa chake. Wanafunzi hao walipwe, kwa sababu hiyo ni kazi ya ukaguzi kama ukaguzi mwingine, na ripoti yao ifike kwenye baraza la chuo ikiwa na nguvu ya kuzuia hundi.