Vijiti vya Mchina na Sinia la Pilau

Kuna ubishi uliozuka katika walima mmoja hapa Kibokoni, Mji wa Kale, nami nimeona si vibaya kuuleta mbele ya wasomaji, kwani haukuwa ubishi wa nyumba ile peke yake. Bwana harusi ni kijana wa kazi za bandarini Kilindini, na katika wenziwe aliowaalika alikuwamo Mchina mmoja. Masinia ya pilau yalipokuwa yakipakuliwa, vijana wakataka mgeni yule atengewe meza pembeni, apewe sahani yake na uma wake. "Tusijiaibishe," akasema mmoja wao. Babu yake bwana harusi, aliyekuwa ameketi juu ya busati akingoja tasa na birika, akauliza aibu yenyewe iko wapi.

Hakujibiwa. Nami nalirudia swali lake hapa.

Tangu ile reli mpya ya Nairobi ilipoanza kujengwa mwaka 2014, hata ikaanza kuchukua abiria kutoka Miritini katikati ya mwaka 2017, watu wa Mombasa wamewaona Wachina kwa karibu, na vijiti vyao vya kulia vimekuwa kichekesho cha barazani. Mtu hushika kalamu mbili akaigiza, wenziwe wakavunjika mbavu. Lakini mtu huyo huyo akialikwa hoteli kubwa hushika kisu kwa mkono wa kulia na uma kwa wa kushoto, akajitilia nyama kinywani kwa kushoto, na hakuna amchekaye. Huitwa mstaarabu! Waama hapa ndipo ninapostaajabu. Sote tumesomeshwa chuoni jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomfunza Umar bin Abi Salama, mtoto aliyekuwa akilelewa nyumbani kwake, adabu tatu za chakula: kumtaja Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Meza ya Kiingereza inaivunja ya pili mchana kweupe. Vijiti haviivunji, kwani Wachina kwa desturi huwafunza watoto wao kuvishika kwa kulia.

Na huo uma tunaouheshimu si mkongwe hivyo. Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, watu wengi wa Ulaya walikuwa wangali wakila kwa vidole. Mwingereza mmoja, Thomas Coryat, aliyeuona uma Italia akaandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1611, alifanyiwa mzaha na wenziwe kwa kuutumia. Vijiti vya China vina zaidi ya miaka 3,000.

Tena tusidhani kwamba wote wa Mashariki ya Mbali ni wamoja. Vijiti vya Wachina ni virefu, butu nchani, kwa sababu vyakula huwekwa katikati na kila mtu hufikia. Bakuli la wali huinuliwa kwa mkono hadi karibu na kinywa. Mjapani naye huinua bakuli, lakini vijiti vyake ni vifupi na vimechongoka, vyafaa kutolea miba ya samaki. Mkorea hutumia vya chuma, wali wake huula kwa kijiko, na bakuli halinyanyui mezani. Kwake kunyanyua ni utovu wa adabu. Tambi za mchuzi Mjapani huzivuta kwa sauti, na hapana anayemkunjia uso. Lakini ukisimamisha vijiti katika bakuli la wali, iwe kwa Mchina au kwa Mjapani, utaona nyuso zimebadilika, maana hivyo ndivyo wali unavyowekewa maiti. Wala Mjapani hampi mwenziwe chakula kwa kupokezana kijiti kwa kijiti. Wao huchoma maiti wao, na jamaa huokota mifupa kwa vijiti namna hiyo.

Mpwa wangu aliyajua haya kwa kufunzwa na makosa. Alialikwa chakula na mafundi wa Kichina, akauliza kwanza kama mna nguruwe (na alifanya vyema kuuliza), akaambiwa ni samaki na wali. Alipotaka kunywa maji akavisimika vijiti vyake katika wali kama nguzo mbili. Wenyeji wakanyamaza. Mmoja akavichomoa polepole, akavilaza kando ya bakuli, maneno yakaendelea. Hakuna aliyemcheka.

Wako pia Waislamu wanaokula kwa vijiti. Quanzhou, mji wa bandari wa China, una msikiti ulioasisiwa mwaka 1009. Nahodha Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu mapema katika karne ya 15, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, na babake alikuwa haji. Tena magharibi ya China wako Wauighuri, Waislamu ambao pilau yao Wachina huiita "zhuafan", yaani wali wa kushika kwa mkono. Hata huko basi pilau ilipata jina lake kwa mkono!

Sisi wenyewe bakuli la Mchina tulilipokea zamani. Wazee wa Lamu na Pate waliyapanga katika zidaka za nyumba zao, na kule Mambrui yalijengewa katika nguzo ya kaburi. Atakaye kuyaona na aende Fort Jesus, yamo katika makumbusho. Bakuli tulilichukua, vijiti tukaviacha, kwa kuwa tonge halishikwi kwa vijiti. Hapo hapana ubaya. Ubaya ni kuona haya kwa tonge lenyewe. Siku hizi naenda kwenye harusi nikapewa sahani ya karatasi na kijiko cha plastiki, nile nimesimama kama mtu anayesubiri gari. Sinia la watu wanne limekuwa jambo la kufichwa mgeni.

Turudi kwenye walima. Mzee alishinda, Mchina akaketishwa kwenye sinia lake. Akanawa, akatazama wenziwe wanavyofanya, akaanza. Matonge ya kwanza yalimwagika yote, mzee akamwonyesha kuyabana kwa vidole vitatu na kuyasukuma kwa gumba. Ilipofika nyama, mgeni akainua na mkono wa kushoto apate kuichana. "Ngoja, mwanangu," akasema mzee, "shika huku, nami nishike huku." Wakavuta, kila mmoja kwa mkono wake wa kulia, nyama ikachanika. Mgeni akachagua kipande kizuri akamwekea mzee mbele yake, kama ambavyo kwao huwekewa mkubwa katika bakuli lake.

Mimi nilikuwa sinia la pili. Nilimwona mzee ameshiba zamani, lakini mwenyeji hainuki mgeni angali anakula, basi akawa anadonoa punje moja moja. Mgeni naye alikuwa ameshiba, lakini kwao mdogo hamtangulii mkubwa kuweka mkono chini, naye akawa anadonoa. Mtoto wa tasa na birika amesimama pale, mara mguu huu mara mguu huu, mpaka sinia likawa jeupe.