KUPANDA NAMBARI SI KUPATA MAKSI

Hakuna mwanafunzi asiyejua raha ya kupanda nambari. Ukitoka nambari 30 muhula wa kwanza hadi 12 muhula wa pili, nyumbani utapikiwa chapati. Lakini mzazi mwerevu hatosheki. Atakuuliza, "Na maksi je?" Maana waweza kuwa wa kwanza katika darasa ambalo wote wameanguka.

Nchi nazo hupangwa nambari. Kwa miaka mingi Benki ya Dunia ilitoa ripoti ya kupima urahisi wa kufanya biashara. Watafiti waliuliza: kampuni husajiliwa kwa siku ngapi? Hupata stima baada ya muda gani? Kenya ilipanda kutoka nambari 92 katika ripoti ya 2017 hadi nambari 56 katika ile ya 2020. Nakubali, kusajili kampuni bila kuzungushwa ni jambo jema.

Hata hivyo, Kenya ilipimwa kwa kuangalia Nairobi pekee. Sisi wa Thika na Ruiru, penye viwanda vya vyuma, nguo, mafuta ya kupikia na mananasi ya mkebe, hatukufanya mtihani huo, ilhali matokeo tulipewa. Isitoshe, mwaka 2021 Benki yenyewe iliifuta ripoti hiyo baada ya kugundulika kwamba takwimu za nchi kadhaa, Uchina ikiwemo, zilikuwa na dosari. Kenya haikuwa miongoni mwao, lakini wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa tuulize maksi. Mwishoni mwa 2017 serikali iliweka lengo kwamba kufikia 2022 viwanda vichangie asilimia 15 ya pato la taifa. Mwaka huo ulipofika, vilichangia chini ya asilimia 8. Nambari ilipanda, maksi hazikupanda.

Sihitaji kwenda mbali kuyaona haya. Kila asubuhi nikija shule napita Eneo la Viwanda. Watu wamesimama langoni wakingoja kuitwa kibarua. Wachache huingia, wengi hurudi nyumbani kwa miguu. Je, wao wamo katika ripoti gani?

Tunayo taasisi ya utafiti wa sera, KIPPRA. Tunalo pia Shirika la Kitaifa la Takwimu, ambalo mwaka 2019 lilianza kutoa hesabu za pato la kila kaunti. Wataalamu tunao. Maoni yangu ni kwamba ripoti zao zianzie langoni: waliokuja kutafuta kazi ni wangapi, na walioipata ni wangapi? Stima ilipotea mara ngapi, na bei yake ikoje tukijilinganisha na jirani zetu? Hapo ndipo tutajua kama kweli twaweza kushindana.

Wanafunzi wenzangu, mwaka ujao sisi wa kidato cha tatu tutakalia mtihani wa mwisho, kisha zamu yetu ya kusimama langoni itafika. Tukisikia nchi imepanda nambari, tusikimbilie kupiga makofi. Kwanza tuulize maksi.