Nani Anamkagua Mlinzi wa Kisiwa?

Maji yakitoka, mgeni wa Kisiwa cha Chale, pwani ya Kwale, huvushwa kwa trekta. Yakijaa, hupanda boti. Ng'ambo anakuta hoteli, mchanga mweupe, mwamba wa matumbawe na msitu, naye anaambiwa kuwa amefika mahali ambapo maumbile yametunzwa. Jambo ambalo pengine haambiwi ni kwamba msitu ule ni kaya, yaani msitu mtakatifu. Wadigo waliulinda kwa miiko vizazi na vizazi kabla ya hoteli ya kwanza kusimama Diani. Miaka ya 1990 hoteli ikajengwa kisiwani huku wazee wa kaya wakipinga.

Tunayarejea haya sasa kwa kuwa biashara ya visiwa vya faragha imebadilisha maneno yake. Zamani kilichouzwa ni jua na ukimya. Siku hizi vinauzwa pia kasa, pomboo na ndege wa baharini, na mgeni huambiwa kuwa pesa anayolipia chumba ndiyo inayowaokoa. Huenda ni kweli. Lakini mvuvi wa Gazi au mama wa Kinondo akitaka kujua ni viota vingapi vya kasa vilivyohifadhiwa kisiwani mwaka jana, ni vingapi vilivyoangua, na ni nani asiyelipwa na hoteli aliyekwenda kuvihesabu, aende ofisi gani? Akigonga mlango wa kaunti ataelekezwa KWS, shirika la wanyamapori; akifika KWS ataelekezwa NEMA, mamlaka ya mazingira; na huko NEMA ataulizwa yeye ni nani hata akaulizia mali ya mtu.

Hatupingi kisiwa kulindwa na mtu binafsi. Mfano mzuri hauko mbali. Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi ya mji wa Unguja, kinaendeshwa na kampuni binafsi tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wake kuwa hifadhi, na uvuvi ukasimama hapo. Vibanda vya wageni ni saba tu. Maji ni ya mvua inayokingwa mapaani, umeme ni wa jua, na vyoo havimwagi kitu baharini. Panya waliangamizwa, kisha paa nunga, mnyama adimu ambaye duniani anapatikana Zanzibar na pwani ya Kenya tu, akahamishiwa kule apate kuzaana. Kaa wa minazi wapo. Walinzi wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na watoto wa shule za Unguja huvushwa bure kwenda kuyaona matumbawe ambayo wazazi wao waliyajua kama mahali pa kukwama kwa nyavu.

Watetezi wa wawekezaji huku Kwale hupenda kuitaja Chumbe, kisha wakaishia kwenye vibanda. Wanachoruka ni karatasi: tangazo la serikali, mkataba, mpango wa usimamizi, kamati ya ushauri yenye watu wa vijijini na wataalamu. Mwekezaji wa Chumbe alihangaika miaka mingi na ofisi moja hadi nyingine kabla ya kupokea mgeni wa kwanza, na ingawa urasimu ule ulikuwa wa kuchosha, ulimfunga. Huku kwetu mtu hujenga kwanza, mabango ya uhifadhi yakafuata. Hata Chumbe ina udhaifu wake: mapato karibu yote hutoka kwa wageni, na mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, dunia nzima iliona jinsi hifadhi za namna hiyo zinavyobaki bila mshahara wa walinzi. Hilo nalo ni swali la kumuuliza kila anayetaka kisiwa Kwale. Wageni wasipokuja misimu miwili, nani atalala ufuoni kulinda mayai?

Maana kasa hasubiri msimu wa watalii. Jike hupanda ufuoni usiku, akachimba na kutaga mayai mia na zaidi, akarudi baharini asijue habari yake tena. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Taa kali ya baa ya ufuoni inatosha kumgeuza jike kabla hajataga, na vitoto vikitoka hufuata mwanga, kwa hiyo badala ya bahari huelekea bwawa la kuogelea. Ukuta wa kuzuia mawimbi humnyima kasa mchanga mkavu hata kama mwenye ukuta ana picha ya kasa kwenye barua zake. Halafu kuna mchezo wa kuweka vitoto kwenye beseni ili wageni wavishike na kupigwa navyo picha kabla ya kuviachilia mchana wa jua kali. Huo si uhifadhi hata kidogo, na ng'amba, ambaye yumo katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hana vitoto vya kuchezewa.

Tusisahau kwamba jitihada zinazaa matunda. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la walio hatarini baada ya miongo ya ulinzi wa fuo na mayai katika nchi nyingi. Ulinzi huo ulipimwa, kiota kwa kiota. Ndicho tunachokidai.

Linganisha Chale na majirani zake. Kinondo, bara tu, kuna kaya iliyomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kutoka na hata jani. Pesa ya kiingilio inabaki kijijini. Upande wa Gazi kuna Mikoko Pamoja, ambapo wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule, na hesabu za miti hukaguliwa na watu wa nje. Wasini, kinamama wa kijiji wanawapitisha wageni juu ya daraja la mbao katika bustani yao ya matumbawe. Watu wasio na hoteli wala trekta wanakubali kukaguliwa. Iweje mwenye kisiwa asikaguliwe?

Hifadhi ya serikali nayo iliwaumiza wavuvi, na hilo lisemwe. Kisite ilipotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1973, watu wa Wasini na Mkwiro walipoteza maeneo yao ya kuvua, na mipaka ikabidi kupangwa upya mwaka 1978. Manung'uniko hayajaisha. Ila mvuvi wa Mkwiro anajua mpaka uko wapi, ada inalipwa kwa nani, na ofisi ya kulalamikia iko Shimoni. Katika kisiwa cha faragha anakutana na askari wa kampuni ya ulinzi mwenye tochi na mbwa. Mahali ambapo wavuvi walipiga dago tangu enzi za babu zao, wakaanika nyavu na kungoja kusi ipungue, leo pamewekwa viti vya kuotea jua, naye anafukuzwa eti anasumbua wanyama.

Sheria haiko upande wa askari huyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Mtu anaweza kumiliki msitu, nyumba na gati. Mchanga unaolowa na kukauka hawezi. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka idhini ya Waziri kabla ya mgeni asiye raia kupata ardhi ya safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini. Na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inazitambua hifadhi za watu binafsi, lakini inazitaka ziwe na mpango wa usimamizi. Basi anayejiita mhifadhi ajisajili hivyo na auweke mpango wake mezani. Asiyetaka ana haki ya kuendesha hoteli yake, ila aache kumuuza kasa.

Hofu yetu ni ya visiwa vilivyobaki. Funzi ina kijiji chake, misikiti yake na mikoko yake, pamoja na wageni wa kitajiri. Sii bado ni ya ndege, mikoko na wavuvi wanaopita. Bandari ya uvuvi ya Shimoni inapandisha thamani ya kila kipande cha ardhi kutoka Msambweni hadi Vanga, na madalali hawalali. Kisiwa kikishakatwa na kupewa hati, kukirudisha ni kesi ya miaka ishirini.

Bunge la Kaunti ya Kwale lina mamlaka, chini ya kifungu cha 195 cha Katiba, ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi na nyaraka kama ifanyavyo Mahakama Kuu. Liwaite wenye visiwa, KWS, NEMA, Tume ya Ardhi na Makavazi ya Taifa katika kikao kimoja cha wazi, ukumbini Msambweni ambako wavuvi wanaweza kufika kwa nauli ya matatu. Hati zisomwe kwa sauti: nani alipewa nini, mwaka gani, kwa masharti gani, na masharti hayo yalikaguliwa lini. Kikao kianze na Chale, na wazee wa kaya wakae safu ya mbele.