Tuienzi Tiba Asili kwa Kuipima

Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura. Humo alielekeza kwamba mgonjwa wa kuhara aliye mahututi anyweshwe kinyesi cha binadamu kilichochanganywa na maji.

Msomaji asiharakishe kucheka. Mwaka 2013, watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa 16, waliorudiwa mara kwa mara na kuhara, kinyesi cha watu wenye afya kupitia mrija. Bakteria wema wa utumbo walirejea, na wagonjwa 13 wakapona kwa mara ya kwanza tu. Kati ya 13 waliopewa antibiotiki pekee, walipona 4.

Je, Ge Hong aliwajua bakteria? La hasha. Aliacha uzoefu, ushahidi ulipatikana baada ya kupima.

Kitabu hichohicho kilimpa Tu Youyou fununu ya namna ya kukamua artemisinini, ambayo leo imo katika dawa mseto ya malaria tunayoimeza sisi. Nyuma yake palikuwa na mradi wa serikali ya China ulioanza mwaka 1967.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Viongozi wetu huisifu tiba asili majukwaani, kisha huiacha mikononi mwa wachuuzi wanaoahidi "kusafisha tumbo". Anayeumia ni mgonjwa maskini. Tukidai kuuenzi urithi huo, tudai pia fedha za kuupima, na matokeo yatangazwe hata yakituaibisha.